Mtoto akihema haraka, mfunue kifua uhesabu pumzi

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mwezi Julai, nilikuwa zamu ya mchana katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Anayeijua baridi ya huko kwa mwezi huo atanielewa nikisema kila mtoto aliyeingia alikuwa amefungwa kama mzigo wa safari: sweta, kofia ya sufi, kanga mbili na blanketi juu yake. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Mama mmoja aliketi mbele yangu na mtoto wa miezi saba, akasema, “Daktari, mtoto anakohoa, leo siku ya tatu. Na tangu asubuhi mbavu zinaingia ndani.”

Nilisikia neno kikohozi. Hilo la mbavu lilinipita. Nilipima joto, halikuwa kubwa. Nikapitisha kipimo cha kusikilizia chini ya sweta kwa sekunde chache, mtoto akilia. Nikaandika dawa ya maji na kumwambia mama arudi baada ya siku mbili kama hakuna nafuu.

Hawakumaliza siku mbili. Walirudi saa tisa usiku ule ule. Nesi wa zamu alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya: alimfungua mtoto nguo zote za juu, akatazama kifua, akahesabu. Pumzi 72 kwa dakika moja. Sehemu ya chini ya mbavu ilikuwa inabonyea kila mtoto anapovuta hewa. Ilikuwa nimonia kali. Mtoto alikaa wodini siku tano, tatu kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni, kisha akapona.

Nilipowakuta wodini asubuhi, yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Kwani nilikosea kusema?”

Msomaji wangu, swali hilo ndilo linaloniandikisha makala ya leo. Mama yule hakukosea. Aliona dalili muhimu kuliko zote na akaisema kwa maneno yake. Nataka nawe ujue kuiona, ujue kuihesabu, na ujue kuisema kwa namna ambayo mhudumu hawezi kuipita, hata awe amechoka kiasi gani.

Kukosa pumzi ni dalili

Wengi huja kliniki wakisema, “Daktari, nina ugonjwa wa kubanwa pumzi.” Kubanwa pumzi ni dalili, na nyuma ya dalili hiyo kunaweza kuwa na magonjwa mengi tofauti.

Fikiria bandari. Hewa ya oksijeni ni mzigo unaoshushwa kwenye mapafu. Damu ndiyo malori yanayoupakia. Moyo ndio injini inayosukuma malori hayo hadi kila kona ya mwili. Mzigo ukichelewa kufika, tatizo linaweza kuwa bandarini, yaani mapafu yamejaa usaha kama kwenye nimonia, au njia za hewa zimebana kama kwenye pumu. Linaweza kuwa kwenye malori, yaani damu imepungua. Au injini imechoka, yaani moyo haupampu vizuri. Mwili haujali kosa ni la nani. Unajibu kwa namna moja tu: kuhema haraka na kutumia nguvu zaidi.

Ndiyo maana dawa iliyomsaidia mtoto wa jirani inaweza isimsaidie wako. Wote wawili walihema, lakini kwa sababu tofauti.

Hesabu ya dakika moja

Kwa mtoto mwenye kikohozi au homa, kipimo cha kwanza hakihitaji hospitali. Unahitaji mwanga, saa au simu yenye kuhesabu sekunde, na utulivu.

Subiri mtoto atulie. Akiwa analia, ananyonya au ametoka kucheza, hesabu itakudanganya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Mfunue kifua na tumbo, hata kama kuna baridi. Ni dakika moja tu. Tazama tumbo linavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima, usihesabu sekunde 15 kisha ukazidisha mara nne, kwa sababu watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio mmoja. Huharakisha, hutulia kidogo, kisha huharakisha tena.

Halafu linganisha na namba hizi, ambazo ndizo wahudumu wa afya hutumia katika vituo vyetu:

Mtoto wa chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa kichanga, rudia kuhesabu mara ya pili ili uwe na uhakika.

Mtoto wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka: pumzi 50 au zaidi.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto mwenye kikohozi aliyefikisha namba hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichanga wa chini ya miezi miwili aondoke nyumbani saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Homa nayo huongeza kasi ya kupumua. Ukimpa dawa ya kushusha homa na akatulia, hesabu tena. Lakini usikae nyumbani ukisubiri homa ishuke ilhali namba iko juu na mtoto anatumia nguvu kupumua.

Dalili za kukufanya uondoke sasa hivi

Baada ya kuhesabu, tazama mahali mbavu zinapoishia na tumbo linapoanzia. Kwa kawaida mtoto anapovuta hewa, tumbo na kifua hupanda pamoja. Kwenye nimonia kali, tumbo linapanda lakini sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani. Hicho ndicho mama yule alichokiona na kukiita “mbavu zinaingia ndani.” Hakuna jina bora kuliko hilo.

Ongeza na hizi: pua zinatanuka kila anapovuta hewa, mtoto anaguna kila anapotoa pumzi, kichwa kinanesa kufuata pumzi, anatoa mkoromo mkali anapovuta hewa akiwa ametulia, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, ulimi au midomo imekuwa ya bluu au kijivu. Kwa ngozi yetu nyeusi, usitafute bluu usoni. Fungua mdomo, tazama ulimi na fizi.

Ukiona hata moja kati ya hizo, usisubiri kukuche. Amsha jirani, tafuta bodaboda, bajaji au gari, ondoka. Mbebe mtoto akiwa wima kifuani mwako, usimlaze chali, na usimfunike uso.

Ukifika, usianze na historia ndefu. Sema hivi: “Mtoto ana miezi saba. Nimehesabu pumzi 68 kwa dakika. Mbavu zinaingia ndani. Hanyonyi tangu mchana.” Sentensi nne hizo zitakutoa kwenye foleni. Na kama mhudumu hajamfunua mtoto, mfunue wewe mwenyewe na useme, “Naomba uangalie hapa.” Huo si utovu wa adabu. Mimi ningeshukuru sana kama ningeambiwa hivyo siku ile.

Mambo yanayotuchelewesha

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Dawa ya kwanza kwa nimonia nyingi ni amoksilini, ambayo ni ya bei nafuu. Kwa hiyo mara nyingi kinachotuponyoka ni muda. Yapo mambo manne ninayokutana nayo mara kwa mara.

La kwanza ni kukata kimeo. Mtoto akikohoa muda mrefu, bado wapo wanaomwambia mama kuwa kimeo kimerefuka. Kimeo hakisababishi nimonia wala pumu. Kukikata huleta kutokwa damu, maambukizi, hata pepopunda, na mapafu hubaki na ugonjwa wake.

La pili ni kipimo cha malaria. Mtoto ana homa, amepimwa, malaria ipo, ameanza dawa, na wazazi wanatulia. Lakini malaria na nimonia vinaweza kukaa kwenye mwili mmoja kwa wakati mmoja. Tena malaria kali hupunguza damu, na mtoto asiye na damu naye huhema. Kipimo kikionyesha malaria, bado hesabu pumzi.

La tatu ni dozi ya nusu. Mzazi ananunua dawa ya siku mbili dukani, mtoto anachangamka, nyingine haimaliziki; au anapewa mabaki ya dawa ya kaka yake. Dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto na humalizwa yote. Na dawa za kutuliza kikohozi hazitibu nimonia hata kidogo.

La nne ni hofu ya oksijeni. Nimeona baba akimtoa mtoto mrija puani kwa sababu kijijini kwao “waliowekewa gesi hawakurudi.” Naielewa hofu hiyo. Oksijeni hupewa walio hali mbaya, na baadhi yao hufariki, hivyo watu huona mrija na msiba vimefuatana. Lakini mrija ule unamsubirisha mtoto hai wakati dawa inafanya kazi. Kumtoa ni kama kumnyang'anya mtu anayezama ubao anaoshikilia. Mashine ndogo tunayobana kidoleni hutuonyesha kiasi cha oksijeni kwenye damu. Ikishuka chini ya asilimia 90, mtoto anaihitaji, na ikipanda na kubaki juu, tunamwondoa taratibu. Hakuna anayeizoea akashindwa kuishi bila hiyo.

Pumu: pampu si ulevi

Kama kifua kinapiga filimbi mtoto anapotoa pumzi, na jambo hilo linajirudia, hasa usiku, alfajiri, akikimbia au kukiwa na vumbi na moshi, fikiria pumu. Kwenye pumu, misuli ya njia za hewa hubana na kuta zake huvimba. Hewa huingia kwa shida na hutoka kwa shida zaidi.

Wazazi wengi huniambia hawataki mtoto aanze pampu kwa sababu “ataizoea.” Wanachagua vidonge au sindano. Ukweli ni kwamba dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja kwenye mapafu kwa kiasi kidogo, wakati kidonge huzunguka mwili mzima kwa kiasi kikubwa. Mtoto haizoei pampu. Anaihitaji kwa sababu pumu bado ipo.

Elewa kwamba kuna pampu za aina mbili. Ya kwanza, mara nyingi ya rangi ya bluu, ni salbutamoli. Inafungua njia za hewa kwa dakika chache, lakini haitibu uvimbe. Ya pili ina dawa ya kupunguza uvimbe, hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, na ndiyo inayozuia shambulio la kesho. Rangi hutofautiana kwa mtengenezaji, hivyo soma jina la dawa. Kama mwanao anahitaji ile ya haraka zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamka usiku kwa kubanwa, pumu yake haijadhibitiwa. Rudi kliniki uulize kuhusu dawa ya kuzuia. Usinunue tu pampu nyingine ya bluu.

Watoto wengi huishia kupiga dawa kwenye ulimi. Dawa inahitaji chombo cha kuishikilia ili wavute taratibu. Kama huna cha dukani, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafaa. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa hiyo ikiandaliwa vizuri hufanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Isafishe chupa, ikauke. Toboa kitako chake tundu lenye umbo la mdomo wa pampu kwa waya uliopashwa moto, chomeka pampu ikaze, na uzibe kwa gundi au utepe pasipenye hewa. Mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa pampu, piga mara moja, avute na kutoa pumzi mara tano au sita humo humo, kisha tikisa na upige tena. Mtoto mdogo sana anahitaji pia kifuniko cha uso, muulize mhudumu wako.

Siku ya shambulio, mkalishe wima, legeza nguo, mpe mapigo manne ya salbutamoli, moja baada ya jingine kama nilivyoeleza. Asipopata nafuu, nenda hospitali, na urudie kila baada ya dakika 20 mkiwa njiani. Kama hawezi kumaliza sentensi, anza safari mara moja. Na filimbi ikinyamaza ghafla huku mtoto amechoka, usifurahi. Maana yake ni kwamba hewa haipiti kabisa.

Aliyekuwa mzima dakika moja iliyopita

Mtoto aliyekuwa anakula au kucheza, kisha akapaliwa ghafla na kuanza kuhema, huenda amevuta karanga, punje ya mahindi, harage au kifuniko cha kalamu. Akiweza kukohoa kwa nguvu na kulia, mwache akohoe, mpeleke hospitali. Akishindwa kukohoa, kulia wala kupumua, anza hapo hapo. Wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kisha mgeuze, ukandamize katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili. Wa zaidi ya mwaka mmoja, mpige mgongoni mara tano, kisha simama nyuma yake ukandamize tumbo juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara tano. Rudia hadi kitoke. Usiingize kidole kooni usikoona kitu, utakisukuma ndani zaidi.

Hata kama dalili zimeisha baada ya kupaliwa, lakini amebaki na kikohozi au filimbi ya upande mmoja, mwambie daktari kuhusu tukio lile. Nimeona punje ya karanga iliyotibiwa kama nimonia mara tatu.

Aliyekunywa mafuta ya taa naye huweza kuhema baada ya saa chache. Usimtapishe na usimpe maziwa. Kutapika huyapeleka mafuta kwenye mapafu. Mpeleke hospitali. Na mtoto anayehema kwa pumzi ndefu na nzito, huku kwa siku kadhaa amekuwa akinywa maji mengi, kukojoa sana na kukonda, apimwe sukari haraka.

Na wewe mzazi je?

Huwa nawauliza watu wazima swali moja: “Unalala na mito mingapi?” Mtu aliyekuwa akilala na mto mmoja, sasa anahitaji mitatu au analala ameketi kwa sababu akilala chali anabanwa, miguu nayo imevimba jioni, apimwe moyo. Shinikizo la damu lisilotibiwa kwa miaka huuchosha moyo hivyo.

Mama aliye mwishoni mwa ujauzito au aliyejifungua miezi michache iliyopita asikubali kuambiwa kwamba kuhema ni “uchovu wa uzazi tu.” Ipo hali ambapo misuli ya moyo hudhoofika kipindi hicho, na inatibika ikigunduliwa. Anayepanda ngazi chache akahema, ngozi ya ndani ya jicho ikiwa nyeupe, apimwe damu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu. Aliyekosa pumzi ghafla na maumivu ya kifua, hasa kama amejifungua, amefanyiwa upasuaji au mguu mmoja umevimba, aende hospitali sasa hivi, kwani huenda damu iliyoganda imeziba mshipa wa mapafu.

Kweli, hofu nayo hubana pumzi. Lakini hofu ni jibu tunalofikia baada ya kupima mengine. Tusianze nayo.

Kinga iliyo mikononi mwako

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya kuzuia nimonia inayosababishwa na bakteria wa numokokasi mwaka 2013, na hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya pamoja ya wiki hizo hizo humkinga pia dhidi ya kifaduro na bakteria mwingine wa nimonia. Surua nayo huharibu mapafu, hivyo usiikose chanjo yake ya miezi tisa na ya miezi 18. Fungua kadi ya mwanao leo uangalie.

Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Usimweke mgongoni ukipika kwa kuni au mkaa ndani, na usilale na jiko la mkaa linalowaka chumbani hata kwa dakika chache. Gesi yake haina harufu na inaua. Anayevuta sigara avutie nje, au bora zaidi aache.

Baridi yenyewe haileti nimonia. Mvalishe mtoto apate joto, lakini kumbuka kwamba chini ya sweta zile ndiko habari iliko.

Tangu Julai ile sijamtibu mtoto anayekohoa bila kumfunua kifua. Kwa mama yule nilijibu, “Hukukosea mama, mimi ndiye sikusikiliza.” Leo usiku, mwanao akiwa mzima na amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika moja uijue namba yake ya kawaida. Siku akiugua, utajua mapema kwamba imebadilika.

Tukutane wiki ijayo.